Jazi huru si vurugu: tulichoachiwa, na namna ya kukipiga kwa udi, fidla na sanduku

Mwekee mtu aliyekulia na taarab ya Ikhwani Safaa au Culture Musical Club dakika mbili za mwanzo za Free Jazz ya Ornette Coleman, aghalabu atakwambia hawa bado wanatia sauti ala zao, hawajaanza. Sikio lake halijamdanganya. Amesikia, tena vizuri, kwamba hakuna anayemfuata mwenzake kwa njia aliyoizoea yeye. Kilichompita ni kwamba wanafuatana kwa njia nyengine, yenye masharti yake, na ni masharti hayo yaliyobaki hai zaidi ya miaka sitini, mpaka ndani ya nyimbo ambazo vijana wa Michenzani na Chake Chake wanazo kwenye simu zao. Naandika haya kwa ajili ya wapigaji wetu zaidi kuliko wasikilizaji, maana naamini nusu ya zana za jazi huru tunazo hapa Unguja na Pemba tangu zamani, na nusu iliyobaki inafundishika.

Jazi ninayoikusudia si ya bendi za dansi, bali ile iliyozuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake mpigaji wa jazi alifungwa na vitu viwili: lahani na mfuatano wa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Wimbo wa kawaida ulikuwa na vipimo 32, yaani mafungu manne ya vipimo vinane. Lahani ikishapigwa, kodi zile zile zinazunguka na kila mwenye zamu anabuni juu yake. Piano inatangaza kodi, besi inaitembeza, dramu zinalinda mwendo. Ukitoka nje ya kodi umekosea, na kila mtu amesikia.

Coleman, mpigaji wa saksafoni ya alto aliyezaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1930, aliitoa piano. Mei 1959 alirikodi The Shape of Jazz to Come na watu watatu tu: Don Cherry kwenye koneti (tarumbeta fupi), Charlie Haden kwenye besi na Billy Higgins kwenye dramu. Novemba mwaka huo huo wakaanza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York, na mji ukagawika baina ya waliosema huyu ameukomboa muziki na waliosema hajui kupiga. Kuitoa piano kunaonekana jambo dogo, lakini fikiria linafanya nini. Piano ikiwepo, besi haina hiari, kwa sababu kodi imeshatamkwa. Ikiondoka, besi inaweza kumfuata mwenye lahani popote anapokwenda, na mwenye lahani hahitaji kungoja kipimo cha nane ndipo ahame. Lahani inatangulia, sauti za chini zinaifuata.

Sikiliza wimbo wa kwanza kwenye rikodi hiyo, Lonely Woman, dakika tano hivi. Higgins anapiga sahani ya shaba ya dramu kwa kasi bila kupumzika. Haden hatembezi besi. Anavuta nyuzi mbili kwa pamoja, sauti moja ikikaa pale pale kama mtu aliyeshika mlango. Kisha saksafoni na koneti zinaingia polepole, zikiburura lahani ya huzuni ambayo haijifungi hata kidogo na kasi ya sahani. Wawili hao wanaanza kila mstari kwa kuvuta pumzi pamoja, si kwa kuhesabu. Kwa hiyo kuna mwendo wa haraka chini na mwendo wa taratibu juu, na hakuna anayemvuta mwenzake. Mtu aliyewahi kupiga taksimu, yaani kubuni peke yake bila mdundo, juu ya sauti moja ya besi inayoshikiliwa ataitambua hali hii mara moja. Tofauti ni kwamba hapa wapo wawili katika taksimu moja.

Jambo la pili la Coleman linatuhusu zaidi sisi. Aliona kwamba sauti ile ile haifai kusikika sawa ndani ya wimbo wa amani na ndani ya wimbo wa huzuni. Lazima ipande au ishuke kidogo kufuata maana. Wamarekani wengi wa wakati ule walisikia ala iliyotoka sauti. Sikio lililolelewa na maqam, yaani ngazi za sauti za taarab kama Bayati na Rast, halipaswi kushtuka, kwa sababu robo sauti kwetu si kosa.

Free Jazz yenyewe ilirikodiwa tarehe 21 Desemba 1960, dakika 37, vikundi viwili vya watu wanne wanne vikipiga kwa wakati mmoja. Usiisikilize kwa spika ya simu, hutopata kitu. Tia visikilizio vya masikioni. Sikio la kushoto yupo Coleman na Cherry, Scott LaFaro kwenye besi na Higgins kwenye dramu. Sikio la kulia yupo Eric Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Haden, na Ed Blackwell kwenye dramu. Mara ya kwanza sikiliza upande mmoja tu kwa dakika kumi, kisha rudia upande wa pili, ndipo uunganishe. Utagundua kwamba kila mpigaji ana zamu ya kuongoza, akianza Dolphy, na kabla ya kila zamu kundi zima linapiga kijipande kifupi kilichopangwa. Hicho kijipande ndicho nguzo. Wakati wa zamu, wengine hawajanyamaza wala hawamsindikizi kiongozi kwa kodi. Wanamjibu, wanampinga, wanamwachia nafasi.

Mpigaji wa bashrafu, ule utangulizi wa ala katika taarab, atasema: hii si taslimu? Ni kazi ile ile. Bashrafu ina khana, yaani sehemu zake, na baada ya kila khana taslimu inarudi ili sikio lijue lilipo. Coleman alikuwa na vijipande vilivyopangwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukilishika hili moja, jazi huru inaacha kuwa msitu.

Kwa mgeni, Ascension ya John Coltrane, mpigaji wa saksafoni, si pa kuanzia, ingawa ndiyo inayotajwa sana. Ilirikodiwa tarehe 28 Juni 1965 na watu 11, saksafoni tano zikiwemo, na uzito wake unamchosha msikilizaji kabla hajaona kwamba nayo imejengwa kwa kupishana: wote, mmoja, wote, mmoja. Anza na A Love Supreme, ya tarehe 9 Desemba 1964. Sehemu yake ya mwisho, Psalm, haina mwendo wa kuhesabika. Coltrane aliandika shairi la kumshukuru Mungu, na katika sehemu hiyo analisoma kwa saksafoni, silabi kwa silabi, bila kutamka neno. Chukua shairi hilo ulifuatishe na rikodi, utaona linakwenda sambamba. Sisi tuna watu wanaosoma kasida kwa kuvuta sauti juu ya silabi ya mwisho na kushuka taratibu; yule anayetaka kujua saksafoni inapumua vipi mahali ambapo hapana mdundo, aanzie kwa msomaji mzuri wa kasida.

Cecil Taylor nampitia haraka kwa kuwa piano hapa kwetu ni chache: alipiga piano kama ngoma, viganja na viwiko vikiingia. Albert Ayler, mpigaji wa saksafoni, sitampitia haraka. Alikuwa mwanajeshi, akapiga katika bendi ya jeshi la Marekani nchini Ufaransa, na katika muziki wake wa baadaye utasikia maandamano ya shaba, nyimbo za kanisani na za watoto, lahani rahisi kabisa, halafu ghafla saksafoni inapasuka. Inapasuka kwa ufundi. Mwanzi wa mdomoni ukibanwa kwa mdomo na pumzi ikisukumwa kupita kiasi, sauti ya msingi inaruka kwenda oktava ya juu na zaidi. Ukifunga matundu kwa mpangilio usio wa kawaida, zinatoka sauti mbili au tatu kwa wakati mmoja. Anayeijua beni ya Mbwa Kachoka, inavyopita mtaani na tarumbeta zake kila moja ikivutia upande wake na watu wakafurahi, ana njia fupi ya kumfikia Ayler kuliko msikilizaji wa ukumbi wa Ulaya.

Sasa urithi wenyewe uko wapi? Wengi hutaja majina makubwa wakaishia hapo. Mimi napendelea kufuata watu kutoka rikodi moja hadi nyengine, na bahati ni kwamba baadhi ya watu hao walitumia majina ya Kiswahili. Mwaka 1971 mpigaji piano Herbie Hancock alitoa rikodi inayoitwa Mwandishi, jina alilolitumia yeye mwenyewe. Buster Williams kwenye besi alikuwa Mchezaji, Billy Hart kwenye dramu Jabali, Eddie Henderson kwenye tarumbeta Mganga, Bennie Maupin Mwile, Julian Priester Pepo Mtoto. Yalikuwa majina ya watu weusi wa Marekani waliokuwa wakitafuta asili yao Afrika kupitia Kiswahili, na tuna haki ya kuyasikiliza kama jamaa. Wimbo wa kwanza, Ostinato, umejengwa juu ya mapigo 15. Usihesabu mpaka 15. Piga kofi nane, kisha saba, nane, saba, na pigo la kwanza la kila fungu lipige kwa nguvu. Kosa la kawaida ni kuongeza pigo la nane katika fungu la pili, kwa sababu mkono umezoea. Anayefanya hivyo arudi kwenye saba peke yake, kwa kuigawa nne na tatu, mpaka iingie mwilini.

Kwenye rikodi hiyo yupo mpigaji dramu wa pili, Leon Chancler, aliyeitwa Ndugu. Mtu huyo huyo ndiye aliyepiga dramu za Billie Jean ya Michael Jackson. Yule wa mapigo 15 ndiye wa mdundo ulionyooka kuliko yote duniani, na ukisikiliza unamtambua: hakuna kinachozidi, kila pigo lina nafasi yake.

James Mtume ni mfano mwengine. Mwaka 1969 alishiriki katika rikodi iliyoitwa Kawaida, pamoja na Albert Heath, Don Cherry na Hancock. Baadaye akapiga ngoma na mpigaji tarumbeta Miles Davis miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Davis alipokuwa amechanganya umeme na uhuru. Mwaka 1983 kundi lake, lililoitwa Mtume, likatoa Juicy Fruit, na mwaka 1994 mwimbaji wa rap The Notorious B.I.G. akakata kipande chake na kukifanya wimbo wake Juicy. Kijana anayeijua Juicy kwa moyo yuko mikono miwili tu kutoka kwa Don Cherry. Mpigaji saksafoni Pharoah Sanders naye, aliyeita rikodi yake Tauhid mwaka 1967, na aliyepiga Karma mwaka 1969 yenye wimbo mmoja wa zaidi ya nusu saa, alirudi akiwa na miaka 80 na Promises ya mwaka 2021, pamoja na Floating Points, mtunzi wa muziki wa elektroniki, na orkestra ya London: kijilahani cha noti saba kinarudiwa tangu mwanzo, yeye anapuliza juu yake kwa utulivu mkubwa. Alifariki mwaka uliofuata.

Nadhani hata hivyo kwamba urithi mzito zaidi si sauti bali mpangilio wa kazi. Mei 1965 wanamuziki wa Chicago, Muhal Richard Abrams akiwa miongoni mwao, waliunda chama kinachojulikana kwa herufi AACM. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kwenye maonyesho yao kila mtu alete utunzi wake mwenyewe, na wakafungua madarasa ya bure kwa vijana wa mtaa. Humo wametoka Art Ensemble of Chicago, Anthony Braxton, Wadada Leo Smith, Henry Threadgill. Coleman alipata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2007, Threadgill mwaka 2016, na mwaka 2024 akaipata Tyshawn Sorey kwa utunzi alioutunuku kwa Wadada Leo Smith. Sisi tuna Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture tangu 1958, vyama vya wanachama, vyenye ukumbi wa mazoezi na ada. Umbo tunalo. Kinachokosekana katika vikundi vingi vya leo ni lile sharti la utunzi mpya. Tunapiga yale yale vizuri, hasa pale muziki unapotakiwa kuwa mapambo ya chakula cha jioni cha wageni, na sikio la vijana linadumaa.

Ala zetu nazo zimeshaingia katika jazi zamani. Ahmed Abdul-Malik, mpigaji besi na udi wa New York, alirikodi Jazz Sahara mwaka 1958: udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), fidla, ngoma za mkono, na Johnny Griffin juu yake na saksafoni. Huo ni takriban mpangilio wa taarab asilia na mgeni mmoja ndani. Alice Coltrane, kwenye Journey in Satchidananda ya mwaka 1971, ana wimbo Isis and Osiris ambamo udi unapigwa na Vishnu Wood pamoja na kinubi na saksafoni ya Sanders. Hapa kwetu TaraJazz wameshachanganya taarab na jazi, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa kikifundisha kanuni, udi na ngoma tangu 2002, kwa hiyo wapigaji wanaosoma nota na wanaopiga kwa sikio wanakutana chini ya paa moja. Kilichobaki ni kujaribu upande wa huru.

Namna ya kuanza ni hii. Chukua wapigaji watano: udi, fidla, nai (filimbi ya mwanzi), sanduku (besi ya uzi mmoja) au besi, na dumbak, ngoma ya mkono. Kanuni ikiwepo iwe ya sita. Kinanda na akodiani vikae pembeni mwanzoni, na si kwa kuvidharau. Kinanda kimefungwa kwenye sauti 12 za oktava, nusu sauti kati ya moja na inayofuata. Kwa majina ya sauti do, re, mi mpaka si, Rast ya do ina sauti za mi na si zilizoshushwa robo. Bayati ya re ina mi kama hiyo hiyo. Kinanda kikigonga mi yoyote hapo kitasuguana na fidla, na sikio la msikilizaji litaamini kinanda kwa kuwa kina sauti kubwa. Vipo vinanda vyenye kitufe cha kushusha robo, lakini kinapangwa kabla, na kundi likihama maqam katikati ya zamu mpigaji hana nafasi ya kukipanga upya. Ikibidi kinanda kiwepo, chagueni Hijazi au Nahawandi, ambazo kinanda kinazifikia. Sababu ya pili ni ile ile ya Coleman: mkono wa kushoto wa mpiga kinanda utatoa kodi tu, atake asitake.

Chukueni taslimu ya bashrafu mnayoijua wote. Pigeni mara mbili, lahani moja, kila mtu na mapambo yake kama kawaida. Taslimu ikiisha, mmoja anaongoza kwa dakika mbili ndani ya maqam hiyo. Wengine hawaruhusiwi kumsindikiza. Wanaruhusiwa kumjibu kwa vitu vitatu tu: sauti ndefu isiyotikisika, mtetemo wa sauti mbili jirani, au vijisauti vifupi vikavu vyenye ukimya baina yake. Wazo hili la kupunguza msamiati limetoka kwa Braxton, aliyezipanga namna za sauti katika mafungu 12 na kuyatumia kama sarufi. Kwa kuanzia matatu yanatosha. Kiongozi akitaka kumaliza anatoa ishara mliyokubaliana, mathalani anainua shingo la udi au upinde, na wote wanarudi kwenye taslimu mara moja. Zamu tano na taslimu zake ni kama robo saa. Zaidi ya hapo mwanzoni ni kuchoshana.

Kitakachoharibika kwanza ni wingi. Watu watano wakipiga kwa pamoja muda wote, hata mpigaji hodari hawezi kusikia nani kasema nini, na mtu asiyesikia hujibu kwa kupandisha sauti. Wekeni sharti kwamba wasizidi watatu kwa wakati mmoja mzunguko wa kwanza. Mwenye kunyamaza asione amekaa bure. Yeye ndiye anayesikia vizuri kuliko wote, na kuingia kwake kutakuwa na maana.

Halafu kuna dumbak. Likishika mdundo wa rumba au bolero, ndani ya muda mfupi wote mmeshaanza kupiga wimbo, na uhuru umekwisha. Lina njia mbili, na lichague moja. Ama litoe dum (pigo zito) na tak (pigo kavu) zilizoachana, likifuata pumzi ya kiongozi, bila mzunguko; ama lipige kwa kasi moja bila kusita kama sahani ya Higgins, na wengine waburure lahani juu yake wasishikamane nalo. Kuchanganya njia hizo mbili katika zamu moja kunamchanganya kila mtu.

Fidla na nai zina tatizo la kurudia. Taarab imetufundisha kwamba mwimbaji akimaliza mstari ala zinamjibu kwa mstari ule ule, na mkono unakwenda wenyewe. Katika jazi huru jibu la namna hiyo likizidi linakuwa mwangwi. Dawa yake: ngoja pumzi moja kamili, kisha jibu kutoka upande wa pili wa ala. Kiongozi yuko juu, wewe shuka chini. Kapiga haraka, wewe vuta. Fidla ina mengi ya kutoa hapa ambayo hayatumiki: upinde karibu kabisa na daraja unatoa sauti nyembamba yenye miluzi; kidole kikigusa uzi bila kuubana katikati yake unapata oktava safi; mti wa upinde ukigonga nyuzi unakuwa ngoma ndogo. Nai ikipulizwa kwa nguvu inaruka oktava, na ikizidishwa inaruka tena. Kwenye udi, risha, yaani kipande cha kupigia nyuzi, karibu na daraja inatoa sauti kavu, na karibu na shingo sauti laini, na tofauti hiyo pekee inatosha zamu nzima.

Sanduku la kidumbak ndilo ninaloliamini kuliko besi. Uzi mmoja, mti wa kuvuta, hakuna alama ya wapi sauti inaanza. Kwa hiyo linateleza baina ya sauti kwa urahisi ambao besi inaufanyia kazi. Lisilazimishwe kutoa noti kamili. Lishike sauti moja ya chini, lipande na kushuka polepole pale kiongozi anapobadilika. Cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonga, viingie pia. Art Ensemble walijaza jukwaa kengele, filimbi, honi na njuga, wakaziita ala ndogo, na wao walizipa heshima sawa na saksafoni. Misewe ya miguuni ya Pemba ingefaa hapo kuliko kengele za kununua, kwa kuwa mvaaji lazima atembee ili ipige, na mwendo wake unaonekana.

Hali ya hewa isisahauliwe. Kanuni ina nyuzi 78 hivi, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Masika ngozi inalegea kwa unyevu, daraja linazama kidogo, na ala nzima inashuka. Tia sauti nusu saa kabla, iache ndani ya chumba kile kile mtakachopigia, kisha itie tena. Vidumbak vya ngozi pasheni moto kwanza, na mrudie katikati. Ngozi iliyopoa haitoi tak, na mpigaji atapiga kwa nguvu zaidi akafunika wenzake.

Saksafoni ikija, izingatiwe kwamba ina nguvu mara nyingi zaidi ya udi. Mpulizaji akae mita tatu au nne nyuma, mdomo wa ala ukielekea pembeni, na udi upewe maikrofoni sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye tundu lake. Mpulizaji anayetoka kwenye jazi ya kawaida atatafuta kodi na hatazipata. Mpeni sauti moja ya kutulia, jina la maqam, na mwambieni mi iko wapi. Ataishusha kwa mdomo.

Rikodini kila mara, simu moja mita mbili mbele ya kundi inatosha. Msiisikilize papo hapo, kila mtu bado anajisikia mwenyewe. Kesho yake andikeni dakika ambapo watu wanne au watano walikuwa wakipiga pamoja bila sababu, na dakika ambapo kiongozi alitaka kumaliza asionekane. Mara nyingi ni dakika zile zile, na ndipo mazoezi yanayofuata yaanzie: zamu ile ile, kiongozi yule yule, wengine wawili tu.